Gari na Baridi ya Kaskazini

Katika mambo yote niliyoyachukulia kwa wepesi nilipokwenda kusoma Sweden mwaka 1984, hakuna lililoniadhibu kama gari. Baridi yenyewe nilikwisha kuonywa. Wenzangu waliotangulia waliniandikia barua wakaniambia nisihangaike kubeba nguo nyingi, koti nitalipata huko huko, bali nibebe akiba ya moyo. Hakuna aliyeniambia kwamba gari nalo huvishwa. Wakati huo mimi nilikuwa dereva wa miaka kumi na kitu. Nilikuwa nimeendesha kutoka Tanga hadi Arusha na kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, masika na kiangazi. Nilikwama kwenye tope la Handeni nikajikwamua kwa matawi ya miti. Nilijihesabu miongoni mwa watu wanaoyajua magari. Kumbe nilichokijua ni magari ya joto.

Mji nilioishi unaitwa Umeå, nao uko kaskazini mwa Sweden, kwenye pwani ya Ghuba ya Bothnia. Watu wengi wa kwetu wakisikia Sweden hufikiria Stockholm, lakini kutoka Stockholm hadi Umeå ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kwenda kaskazini. Mwezi wa Desemba jua huchungulia kwa muda wa saa nne na kitu tu, kisha likajiendea. Bahari yenyewe huganda. Mimi, mtu niliyekulia mbele ya Bahari ya Hindi, nilisimama ufukweni nikawaona watu wanatembea juu ya bahari kwa miguu yao, na wengine wameketi kwenye vigoda wametoboa tundu wanavua samaki. Nikajiambia kwamba kama mambo ndiyo haya, basi mengi niliyoyajua itanibidi niyaanze upya. Ila sikulifikiria gari.

Gari nililokuwa nalo nyumbani lilikuwa Volkswagen, lile lenye mgongo kama wa kobe. Msomaji wa umri wangu analikumbuka. Injini yake iko nyuma, na haina rejeta. Hupozwa kwa hewa inayopigwa na feni. Sisi tulilipenda kwa sababu halichemki mlimani wala halidai maji mahali pasipo na maji, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilishinda mbio zetu za Safari zaidi ya mara moja. Tuliona kama limetengenezwa kwa ajili yetu. Lakini ukiifuatilia historia yake utakuta kwamba rejeta haikuondolewa kwa ajili ya joto la Afrika. Iliondolewa kwa ajili ya baridi ya Ujerumani. Ferdinand Porsche alipoagizwa katika miaka ya 1930 abuni gari la bei nafuu, moja ya masharti ya Hitler lilikuwa kwamba injini ipozwe kwa hewa, maana Mjerumani wa kawaida hakuwa na banda la kulilaza gari, na gari lenye maji likilala nje usiku wa baridi huamka maiti. Nami miaka yote ile nilikuwa nikiendesha dawa ya ugonjwa ambao sikuwahi kuuona.

Basi mwezi wa Mei 1985 nilinunua gari kuukuu kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anahama. Gari hilo lilikuwa na rejeta, na rejeta ilikuwa inavuja kidogo. Tiba yangu ilikuwa ile niliyoiona kwa madereva wa malori nyumbani: galoni la maji kwenye buti. Yakipungua naongeza. Mwanzoni ndani ya rejeta mlikuwa na maji yaliyochanganywa na dawa ya rangi ya kijani. Kadiri nilivyoongeza maji, ndivyo ule ukijani ulivyofifia, mpaka kufikia Oktoba ulibaki kama maji yaliyosuuziwa mchicha. Mimi niliona nimesafisha.

Asubuhi moja ya Novemba kipimajoto kilionyesha nyuzi 19 chini ya sifuri. Niliingia ndani ya gari nikawasha. Injini iliitika kwa shida, kisha feni belti ikapiga yowe kama mbuzi aliyeshikwa miguu, na harufu ya mpira unaoungua ikatoka. Nikazima. Nilipofungua boneti nikaona kwamba ubavuni mwa bloku ya injini kizibo kimoja cha bati kimetoka nje kama jicho la samaki, na karibu yake pana ufa mwembamba, urefu wake kama kiganja changu. Ndani ya ufa paling'aa barafu.

Hapo ndipo alipotokea jirani yangu wa nyumba ya chini. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, mstaafu, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa malori ya kubebea magogo. Alitazama, akagusa ufa kwa kidole, akaniuliza:

"Uliweka nini humu?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

Akanyamaza kidogo. "Maji," akasema, "ni ya kunywa."

Hapa sina budi kueleza jambo. Waswidi waliacha kuitana kwa vyeo na heshima tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa shule humwita mwalimu wake kwa jina, na mzee huyu aliniambia siku ile ile nimwite jina lake tu, bila pambo. Ulimi wangu ulikataa. Mtu mwenye umri wa baba yangu nitamwitaje jina? Nikamwambia kwetu mtu kama yeye huitwa Mzee. Akataka kujua maana yake, nami nikamweleza. Akafikiri, akasema inafaa. Tangu siku ile mpaka tulipoagana niliendelea kumwita Mzee, naye aliitika, na baada ya muda hata mke wake akawa anamwita hivyo akitaka kumtania.

Injini ilikuwa imekwisha. Bei ya kupata nyingine iliyotumika ilinimeza posho ya miezi miwili. Lakini nilipata mwalimu, na huyo ndiye aliyenifungulia historia ninayotaka kuieleza hapa.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kiasi cha sehemu 9 hivi kwa mia, na hakuna chuma cha injini kinachoweza kuyakatalia. Madereva wengi, hata wa huko kaskazini, huamini kwamba vile vizibo vya bati vimewekwa makusudi ili viruke maji yakiganda na bloku isalimike. Mzee alicheka aliposikia. Matundu yale, alisema, ni mambo ya kiwandani. Bloku inapotengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndani yake huwekwa mchanga ili ziachwe njia za maji. Chuma kikipoa mchanga hutolewa kwa matundu hayo, kisha yanazibwa. Kizibo kikiwahi kutoka kabla bloku haijapasuka, hiyo ni bahati ya mtu. Mimi haikuwa yangu.

Wenye magari wa zamani hawakuwa na dawa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mtu wa nchi za baridi aliyekuwa na gari alilipandisha juu ya magogo likingoja majira ya joto, yeye akarudia farasi wake. Aliyelazimika kusafiri, kama daktari wa kijijini, alimwaga maji ya rejeta kila jioni na kuyarudisha asubuhi yakiwa ya moto. Wengine walimwaga hata oili, wakaipeleka ndani ikalala karibu na jiko. Watu walijaribu kila kitu cha kuzuia maji yasigande: chumvi, ambayo ilitafuna chuma, asali na gliserini, ambazo zilikuwa nzito, na zaidi ya vyote spiriti. Spiriti ilifanya kazi, ila ina tabia ya kuchemka mapema kuliko maji. Dereva aliweka leo, akapanda mlima, injini ikapata moto, spiriti ikaruka kama mvuke, na usiku akabaki na maji matupu bila kujua. Mzee alisema katika ujana wake dereva wa kweli alinusa rejeta kila jioni kama mtu anavyonusa maziwa.

Dawa iliyokuja kumaliza tatizo hilo ilikuwepo tayari, ila haikujua kazi yake. Glaikoli iligunduliwa na Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, ikakaa kwenye chupa za maabara bila kazi ya maana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikatumika kutengenezea baruti. Ilipofika mwaka 1927 ndipo ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone kama dawa ya rejeta. Haichemki mapema, na ikichanganywa na maji nusu kwa nusu hustahimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Cha ajabu ni kwamba ukiimimina peke yake bila maji, huganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Vitu viwili vinavyoganda, kila kimoja peke yake, vikichanganywa vinakataa kuganda. Tena ni tamu kwa kuonja, nayo ni sumu inayoua figo. Paka na mbwa wengi wamekufa kwa kuramba ilipomwagika. Mzee hakuniruhusu kuacha hata tone sakafuni.

Jambo la pili alilonifundisha ni oili, na hapa nakiri nilipata aibu. Aliniuliza ile herufi W iliyoandikwa kwenye kopo ina maana gani. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Katika gereji zetu zote za Tanga, chini ya miembe na kando ya barabara, mafundi humimina 20W-50 kutwa kucha. Nilidhani ni jina la kiwanda. Akaniambia kwamba W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Tarakimu iliyoitangulia inaeleza oili hiyo itakavyotiririka kwenye baridi, na ile inayofuata inaeleza itakavyokuwa injini ikipata moto. Zamani ilimlazimu mtu awe na oili mbili, ya baridi na ya joto, akibadilisha kila msimu. Zile zinazojumuisha zote mbili zilienea katika miaka ya 1950. Kwa hiyo lile kopo lililoko leo kwenye duka la vipuri pale Ngamiani limeandikwa habari za theluji, na muuzaji na mnunuzi wote wawili wanapakwa jasho.

Kuwasha gari nako kuna historia yake, na ina damu. Kabla ya starta watu walizungusha hendeli kwa mkono mbele ya gari, na injini ikirudi nyuma hendeli ilivunja mkono, au taya. Katika baridi, oili ikiwa nzito kama uji uliolala, kazi hiyo iliwashinda hata vijana. Charles Kettering alibuni starta ya umeme, nayo ikawekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Lakini starta hutegemea betri, na betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na kama nusu ya nguvu zake, saa ile ile ambayo injini inadai nguvu zaidi kuliko siku zote. Majeshi ya Ujerumani yaliyofika karibu na Moscow mwishoni mwa mwaka 1941 yaliujua ukweli huu kwa uchungu. Askari walikoka moto chini ya injini za magari na vifaru ili ziamke. Miaka michache baadaye Andrew Freeman wa North Dakota, huko Marekani, alibuni hita ndogo ya umeme ya kuingizwa kwenye injini, akapewa hataza mwaka 1949. Nilipofika Umeå niliona katika kila uwanja wa kuegesha magari safu za nguzo fupi zenye soketi, na magari yamefungwa kwa waya kama mbuzi malishoni. Nilidhani ni magari ya umeme. Kumbe yanaota moto.

Mzee alikuwa na vituko vidogo vidogo ambavyo mwishoni niliona vyote vina sababu. Alipaka gliserini kwenye mipira ya milango ili isigandamane. Alimimina spiriti kidogo kwenye tangi la petroli ili ichukue unyevunyevu usije ukaganda njiani. Alinikataza kabisa kuvuta breki ya mkono usiku, maana waya wake hulowa, ukaganda, na asubuhi gari halitoki. Niache gari kwenye gia, basi.

Kuhusu matairi nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo sisi na wao tulipokutana. Mwaka 1904 Harry Weed wa jimbo la New York alipata hataza ya minyororo ya kufunga kwenye tairi, baada ya kuona madereva wanazungushia kamba kwenye magurudumu yao ili yasiteleze kwenye matope. Msomaji, umesikia: matope. Sisi wa Handeni tungemwelewa. Tairi la theluji lenyewe lilitoka Finland. Kiwanda cha mpira cha Suomen Gummitehdas kilitengeneza mwaka 1934 tairi la malori la majira ya baridi, na mwaka 1936 likafuata la magari madogo, lenye meno makubwa ya kuuma theluji. Kiwanda hicho kilikuwa katika mji uitwao Nokia. Naam, ni Nokia ile ile; mwaka 1967 kiwanda cha mpira kiliungana na kampuni ya Nokia, na matairi yakaja kutenganishwa mwaka 1988. Zile simu ambazo miaka ya 2000 zilijaa mifukoni mwetu kutoka Mombasa hadi Bukavu zina ukoo mmoja na tairi la theluji.

Katika miaka ya 1960 yakaenea matairi yenye misumari midogo ya chuma kigumu. Kwenye barafu tupu hayana mshindani, lakini hutafuna lami. Minnesota, jimbo la baridi kali, iliyapiga marufuku mwaka 1971, na Ujerumani Magharibi ikafuata mwaka 1975. Waswidi walikubali barabara zao ziumie. Sheria ya kumlazimisha kila dereva wa Sweden awe na matairi ya baridi kuanzia Desemba mosi hadi Machi 31, barabara ikiwa na theluji au barafu, ilianza mwaka 1999. Mzee alikuwa akiishika tangu kabla haijatungwa. Wiki ya pili ya Oktoba, mvua inyeshe isinyeshe, utamkuta amepiga magoti uani anabadilisha.

Siku moja tulipokuwa tukifanya kazi hiyo nilimwambia kwamba mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari kwa Volvo PV544, gari la Kiswidi. Akasimama na spana mkononi. Alikuwa analijua jambo hilo kuliko mimi. Akanikumbusha pia kwamba mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. "Nyinyi mna tope," alisema, "sisi tuna theluji. Usukani ni ule ule." Ndiyo pongezi pekee ninayokumbuka kupewa naye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa niliandika kurasa hizi, ingawa nimelizunguka.

Kila Oktoba, baada ya dawa, oili, betri na matairi, Mzee aliweka kwenye buti la gari lake sanduku la mbao. Mwaka 1986, mke wangu na binti yetu walipokuwa wamekwisha kuja, alinitengenezea na mimi la kwangu. Ndani yake mlikuwa na koleo fupi, mablanketi mawili ya sufu, mishumaa na kopo la kuiwashia, kibiriti kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, tochi, kamba, na mfuko wa mchanga. Akanieleza kila kimoja. Alianza na koleo. Alisema likikwama gari kwenye theluji, kazi ya kwanza ya koleo si magurudumu, ni bomba la ekzosi. "Kwanza bomba," alisema. Akarudia mara tatu, nami niliona anazeeka.

Januari 1987 tulialikwa na familia moja ya Kitanzania iliyokuwa ikiishi Lycksele, mji ulioko ndani ya msitu, kilomita 130 hivi kutoka Umeå. Tulikuwa tumepata mchele mzuri, na mke wangu alikuwa amepika pilau sufuria nzima ili tukale pamoja na wenzetu. Mizigo ikawa mingi. Nikalitoa lile sanduku nikaliacha barazani.

"Sanduku la Mzee unaliacha?" mama watoto aliniuliza.

"Tunakwenda kula pilau," nikamjibu, "hatuendi vitani."

Tulipokuwa tumepita zaidi ya nusu ya njia upepo ukaanza, na theluji ikawa haianguki tena kutoka juu, inakuja kwa ubavu. Sikuona kona. Gari liliteleza polepole, bila kelele, likaingia mtaroni na kulala upande, kama mtu anayeketi. Hakuna aliyeumia. Barabara ilikuwa tupu, pande zote misonobari, na giza lilikwisha kuingia ingawa ilikuwa saa kumi za jioni. Nikaamua tungoje ndani, nikaacha injini inaunguruma ili hita itutie joto. Nilijisifu moyoni kwamba matangi yamejaa na injini ni nzima. Binti yetu, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akiimba.

Sijui ni muda gani ulipita. Mke wangu alisema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni uchovu. Mtoto akatapika kidogo, kisha akalala. Nikasema afadhali alale. Mimi mwenyewe nilihisi uzito mtamu kwenye viungo, kama baada ya shibe ya mchana. Nakumbuka niliona wipa zimesimama na kioo cha mbele kimekuwa cheupe, na sikuona kwamba ni jambo la kunishughulisha.

Aliyetuokoa ni dereva wa gari la kusukuma theluji. Aliona taa ya nyuma yenye wekundu hafifu chini ya theluji. Alifungua mlango kwa nguvu, akanusa, hakuuliza swali hata moja. Alimtoa mtoto kwanza, akamweka kwenye upepo, akanivuta mimi na mke wangu. Baadaye alichukua koleo lake akanionyesha. Bomba la ekzosi lilikuwa chini ya theluji kwa kina cha mkono hadi kiwiko. Moshi wote, usio na pa kutokea, ulikuwa umepanda kupitia sakafuni.

Kinachoua katika moshi huo ni hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Harufu aliyoinusa dereva yule ilikuwa ya moshi ulioandamana nayo. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu hupumua vizuri huku anakosa hewa. Hospitalini walitutia oksijeni usiku kucha. Mke wangu na mimi tulipata nafuu kabla ya usiku wa manane. Binti yetu aliamka alfajiri, akaomba maji. Kati ya usiku wa manane na alfajiri hiyo nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Mke wangu hakusema neno. Hajawahi kunisimanga kwa siku ile, na mara nyingine nimetamani angenisimanga yakaisha.

Tuliporudi nilimpelekea Mzee habari mwenyewe, maana sikutaka aisikie kwa wengine. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Kisha akanikaribisha jikoni, akamimina kahawa, na akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli ilikatika Sweden, na magari yakaendeshwa kwa hewa ya kuni. Malori, mabasi, hata teksi, yote yalibeba tanuru nyuma au pembeni, na mle ndani kuni na makaa viliungua kwa hewa haba ili vitoe hewa inayowaka. Magari ya namna hiyo yalizidi 70,000. Na hewa hiyo iliyokuwa ikiendesha injini sehemu yake kubwa ilikuwa monoksidi ya kaboni ile ile. Majira ya baridi watu walifunga madirisha kwa sababu ya ubaridi, na tanuru zilivuja. Kaka yake alikuwa dereva wa magogo. Usiku mmoja wa baridi mwaka 1943 alingoja mzigo ndani ya lori madirisha yakiwa yamefungwa. Alikuwa na miaka 24. "Walifikiri amelala," Mzee alisema. Akainuka akaosha vikombe, ingawa changu kilikuwa bado kina kahawa.

Sikumsikia akilitaja tena. Wiki iliyofuata alikuja na lile sanduku kutoka barazani, akaliweka kwenye buti langu mwenyewe, na kuifunga kamba yake kwenye kitanzi cha chuma ili lisitolewe kirahisi.

Tulirudi Tanzania mwaka 1991. Hapa Tanga gari langu la sasa lina rejeta, nami huitilia ile dawa ya kijani. Vijana wa gereji hunicheka, wananiuliza Mzee unaogopa barafu ya wapi. Nawaambia inazuia kutu na inachelewesha kuchemka, nayo ni kweli, ingawa si sababu yote. Binti yetu alikua akarudi huko huko alikozoea, anafanya kazi na ana watoto wake. Kila mwaka ifikapo Oktoba hunipigia simu. "Shikamoo baba. Nimebadilisha matairi leo," husema, kisha ananitajia betri, dawa ya rejeta, oili, kila kitu, kwa mpangilio ule ule wa Mzee, kama mtoto anayesoma tarakimu za kuzidisha. Mama yake husogea akasikiliza.

Mimi nangoja amalize, halafu namwuliza koleo liko wapi.